Usichapishe mahubiri yako: neno kwa mchungaji anayetaka kuandika kitabu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ndugu zangu wa Ugogo, mbukwenyi.

Leo naandika kwa ajili ya watumishi wenzangu, hasa makasisi na mashemasi vijana, ambao kila tukikutana kwenye semina au sinodi hunivuta pembeni: "Baba, nina mahubiri mengi sana, nataka niyatoe kitabu. Nianzie wapi?" Wanajua mimi ni mchungaji wa vijijini, nimehudumu Bahi na Chamwino mkoani Dodoma, na kwamba katikati ya ubatizo, mazishi na vikao vya halmashauri ya kanisa nimewahi kuandika vijitabu ambavyo watu wanavisoma. Jibu langu huwa linawaudhi kidogo. Kitabu unacho, nawaambia, ila hakimo kwenye mahubiri yako.

Mahubiri ni kazi ya mdomo. Unaposimama Jumapili ukasema jambo, watu wakaitikia, ukanyamaza kidogo, kwaya ikadaka ubeti mmoja na bibi kule nyuma akapiga kigelegele, hayo yote ni mahubiri. Unarudia sentensi moja mara nne na kila mara inaingia mahali tofauti, kwa sababu sikio linapenda kurudiwa. Jicho halipendi. Ukishaondoa sauti, kwaya na kigelegele, unachobaki nacho kwenye karatasi ni mlenda uliolala: ni ule ule wa jana, lakini nani atauomba tena?

Vitabu vya namna hiyo unavijua. Jalada lina picha ya mtumishi aliyevaa suti, kashika maiki, nyuma yake mawingu na njiwa. Ukurasa wa kwanza una "haleluya" tatu. Siku ya uzinduzi vinanunuliwa vizuri tu, maana watu wanampenda mchungaji wao na wanataka kumtia moyo, kisha vinakaa kabatini chini ya vitambaa vya makochi. Simcheki mtu. Ila kama una hela ya kuchapisha mara moja tu maishani, na wengi wetu ndivyo tulivyo, usiitumie hivyo.

Kitabu cha mchungaji kimo kwenye kazi yake ya Jumatatu hadi Jumamosi. Tena sisi ni watu wa kuandika kuliko tunavyojidhania. Tunaandika rejista ya ubatizo, ya kipaimara, ya ndoa, ya mazishi. Tunaandika kumbukumbu za vikao na taarifa kwa dayosisi. Chukua rejista ya mazishi ya parishi yako, kaa nayo jioni moja, soma miaka kama 10 mfululizo bila haraka. Utaona kurasa ambazo watoto wamefuatana. Utaona mwaka ambao vijana wa kiume waliozikwa ni wengi kuliko wazee, na ukiuliza utaambiwa ni pikipiki. Utaona familia iliyorudi kaburini mara tatu kwa mwaka mmoja na wewe ulikuwa umeshaisahau. Swali litakalokusumbua ukifunga rejista hiyo, lishike. Kitabu kitatokea hapo.

Kwangu mimi kilitokea kwa katekista. Mnajua hali ilivyo vijijini: mchungaji mmoja ana mitaa mingi, yaani makanisa madogo ya parishi yake, na mtu akifariki usiku, anayefika kwanza ni katekista, kwa sababu yeye anakaa pale pale. Anajua ibada ya mazishi kwa kichwa. Asichokuwa nacho ni kitu cha kushika kesho yake, watu wakishatawanyika, mjane akabaki na watoto, na mbuzi wanaodaiwa na shemeji, na deni la hospitali. Katekista wangu alikuwa ananiuliza mambo hayo njiani, tukiwa kwenye pikipiki, ananipigia kelele sikioni kwa sababu ya upepo. Nikaanza kumwandikia majibu kwenye daftari. Sikuwa na mpango wa kitabu. Nilimwandikia yeye, mtu ninayejua ameishia darasa la ngapi, ninayejua anasoma jioni kwa taa ya sola akiwa ametoka shambani na mgongo unamuuma. Sentensi ikiwa ndefu mno kwake, niliikata. Hoja ikihitaji mtu awe amesoma chuo cha theolojia ndipo aielewe, niliitoa, hata kama niliipenda.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, nakuambia anza na mtu mmoja mwenye jina na sura, unayemwandikia. Usiseme "Wakristo wote Tanzania". Usiseme "kizazi cha leo". Kama huwezi kuniambia mtu huyo anaitwa nani na anakaa kitongoji gani, bado hujawa tayari, na hakuna ubaya, endelea kutembelea watu.

Kuna aliyeishi hapa Dodoma ambaye namfikiria sana katika jambo hili. Festo Kivengere alikuwa Mganda wa Kigezi. Miaka ya 1940 alikuja huku na mkewe Mera, akawa mwalimu wa shule, wakati ule uamsho wa Afrika Mashariki, ile harakati ya toba na ushuhuda makanisani, ukiwa umepamba moto. Hakuwa kasisi bado. Alikuwa anafundisha darasani na kushuhudia, miaka na miaka. Baadaye alimkalimania mhubiri Mmarekani Billy Graham alipokuja Afrika Mashariki, na mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi kwao. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere na mkewe wakalazimika kutoroka, wakavuka milima kwa miguu kuingia Rwanda. Mwaka huo huo kikatoka kijitabu chake cha Kiingereza, I Love Idi Amin. Ni chembamba sana. Kinaeleza yaliyolipata kanisa la Uganda na jinsi yeye mwenyewe alivyopambana na chuki iliyokuwa inamwotea moyoni, mpaka akaisalimisha.

Hebu fikiria mtu huyo. Alikuwa amehubiri zaidi ya miaka 30, na mahubiri yake yangejaza kabati. Kilichosafiri duniani na kubeba jina lake ni kijitabu hicho alichokiandika majeraha yakiwa mabichi, akisimulia kwanza yaliyotokea. Angeweza kutoa kurasa 300 za mafundisho juu ya msamaha na huenda zingekuwa sahihi kabisa. Sidhani kama tungekuwa tunazitaja leo.

Nikitoa mfano huu, vijana wengine wanasema, "Baba, sisi hatujakimbizwa na Amin." Ni kweli. Lakini umekaa na mwanamke ambaye mume amehamia mjini akaoa mwingine, na bado anakuja kufagia kanisa kila Jumamosi. Umemsindikiza mzee anayekufa akiwa hataki kupatana na mdogo wake kwa ajili ya ekari moja ya mbuga. Usidharau.

Na hapo ndipo penye hatari kubwa ya kazi yetu, ambayo naomba nikae nayo kidogo, maana naona watu wanaipita haraka. Mchungaji anaambiwa mambo. Mengine anaambiwa kwa ungamo, na hayo hayaandikwi, basi, hata ukibadilisha majina, hata baada ya miaka 20, hata mhusika akiwa amefariki. Yaache yaende na wewe. Mengine umeyaona kwa macho yako msibani au nyumbani kwa mtu. Hayo yanaweza kuandikwa, lakini usidhani kubadilisha jina kunatosha. Huku kwetu watu wanajuana. Ukiandika "mama mmoja, tumwite Rehema, aliyefiwa na mwanawe wa bodaboda wiki ya mavuno", kijiji kizima kinajua ni nani kabla hawajafungua ukurasa wa pili. Badilisha kijiji, badilisha msimu, mfanye mama awe baba, unganisha visa viwili viwe kimoja. Au nenda ukamwombe ruhusa, na kumwomba maana yake ni kumsomea ulichoandika, neno kwa neno.

Nilikwenda kwa mama mmoja kwa sababu hiyo. Alikuwa anapeta uwele uani, akanipa kigoda, akaendelea kupeta. "Soma tu, Baba Mchungaji, mimi nasikia." Nikasoma kurasa zote zilizohusu usiku ule wa msiba wa kijana wake. Ungo ulikuwa unakwenda, makapi yanaruka, kuku wanakimbilia. Nilipomaliza alimwaga uwele kwenye beseni, akafuta mikono kwenye kanga, akasema mambo matatu. La kwanza, nitoe kiasi cha deni, kwa sababu mdai bado ni jirani yake na wanachota maji pamoja. La pili, niongeze wale vijana waliochimba kaburi usiku kucha, maana ardhi ya pale ni mwamba na walivunja sururu mbili. La tatu alilisema akiwa ameshainuka: "Andika na hili. Siku ile mimi sikulia. Nilianza kulia tulipokwisha kuanua tanga, mmeshaondoka wote, wewe na katekista." Sura nzima ya kijitabu, ile ya kumrudia mfiwa baada ya mwezi, imetoka kwenye sentensi hiyo. Hakuna kitabu cha chuo kilichonipa.

Kwa hiyo ruhusa si suala la adabu peke yake. Wenye habari yao watakuongezea.

Kitu kingine kinachosaidia: rasimu yako usimsomee mlengwa, mpe asome yeye kwa sauti na wewe ukae na kalamu. Akikwama, weka alama bila kumsahihisha. Akisoma kwa haraka bila kupumua, hapo ulijaza maneno. Akiinua macho akakuangalia, muulize anafikiria nini. Katekista wangu aliinua macho mahali nilipoandika kwamba wanaukoo wakae pamoja wazungumze mali ya marehemu. "Wakae lini, Baba? Siku ya tatu wanakuwa wamelewa." Nikaandika upya. Baada ya hapo mpe mwalimu wa Kiswahili, yeyote wa shule ya msingi au sekondari iliyo karibu, akunyooshee sarufi. Mama Mchungaji naye ana kalamu yake nyekundu, na nyumbani kwangu sentensi ikianza na "kwa hakika" haifiki asubuhi.

Muda? Watu wanasema hawana. Parishi haikupi muda, lakini mvua inakupa. Huku katikati ya nchi tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba mpaka Aprili, na mbuga za Bahi zikishajaa maji hakuna pikipiki inayopita kwenda baadhi ya mitaa. Waumini wako shambani toka alfajiri, vikao vimepungua, harusi hakuna. Andika hapo. Kiangazi utakuwa unazunguka kwenye mavuno, kipaimara na harusi, na huwezi kukaa mezani hata ukijilazimisha. Wapo wanaoandika kwenye simu wakiwa safarini, au wanarekodi sauti kisha mtoto wao anachapa. Sawa, ilimradi usirudi kule kule kwenye kunakili mahubiri.

Uchapishaji wenyewe nitasema kwa kifupi, kwa sababu si mgumu kama unavyotishwa. Hatukai jangwani. Dodoma ni mji wa vitabu vya kanisa toka zamani: Central Tanganyika Press imekuwa ikitoa vitabu vya Kikristo vya Kiswahili kutoka hapa tangu 1954, na makao makuu ya Chama cha Biblia Tanzania yako hapa hapa. Mpelekee mchapishaji mswada kwanza, hata akikukataa atakuambia kwa nini. Ukiamua kuchapa mwenyewe, anza na kijitabu cha A5, yaani nusu ya karatasi ya A4, kilichobanwa pini katikati, na hakikisha idadi ya kurasa inagawanyika kwa 4, la sivyo utalipia kurasa tupu mwishoni. Karatasi ya ndani ya gramu 80 inatosha. Kitabu cha gundi ni kizuri kabatini, lakini kikikaa kwenye buti la gari jua la Oktoba utakuta kurasa zinabanduka. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iombe mapema kabla ya kupanga jalada. Ukinukuu Maandiko, sema ni tafsiri ipi, iwe Union Version ya 1952 au Biblia Habari Njema, usichanganye kimya kimya. Na kama kitabu chako kimejaa mafungu marefu, waandikie Chama cha Biblia uombe kibali. Biblia ni Neno la Mungu, lakini tafsiri ina wenyewe.

Kwenye kuuza, angalia kalenda ya mkulima. Nimeona watu wanazindua kitabu Januari, mwezi wa ada na sare za shule, ghala limeshafika chini na mtama bado uko kiunoni. Nani atanunua? Subiri Juni, Julai, Agosti, watu wakishavuna na alizeti na karanga zimeuzwa. Mimi vijitabu vyangu huviweka kwenye meza ya mnada baada ya ibada ya mavuno, pamoja na maboga na kuku waliotolewa sadaka. Mwenye fedha anatoa fedha. Asiye nazo analeta kopo la uwele, tunalipima, tunamwandikia. Ila nina mpaka mmoja ambao sivuki: kitabu changu hakitangazwi madhabahuni kwa maneno ya baraka, eti atakayenunua atafunguliwa. Mwekahazina anakitaja kwenye matangazo, bei yake hii, meza ile pale, basi. Nimeshuhudia mahali fulani muumini akilazimika kununua nakala tano za kitabu cha mtumishi ili aonekane ana imani, na alikuwa anadaiwa ada. Sitataja wapi.

Swali la mwisho ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: kitabu ni cha nani, changu au cha kanisa? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo watoto wako watakuwa na haki hata ukiwa umelala. Lakini kama parishi imetoa hela ya uchapaji, au kama uliandika kwa kutumwa na dayosisi, kaeni mezani kabla ya kwenda kwa mchapaji, muandike kwenye karatasi: nani amelipa nini, mauzo yatagawanywaje, kikiisha nani ana uamuzi wa kuchapa tena, na ukihamishwa parishi nakala zilizobaki zinabaki au zinakwenda na wewe. Hilo la uhamisho ndilo linaloleta maneno. Mchungaji anahama na maboksi, halmashauri inabaki inanung'unika, na mchungaji mpya anapokelewa na kesi ya vitabu ambavyo hata hajavisoma.

Mimi kijitabu cha msiba niliamua mauzo yake yabaki kwenye mtaa wa yule katekista, na yamesaidia kununua mabati ya jiko la kanisa na sururu mpya za kuchimbia makaburi. Huo ulikuwa uamuzi wangu na Mama Mchungaji, nikiwa na mashamba yangu ya kula. Wewe mwenye watoto sekondari unaweza kuamua vingine, na usione haya kuliweka kwenye makubaliano.

Mswada ukiwa tayari, niletee nisome. Ila uniletee pamoja na jina la mtu uliyemwandikia.